Siku ya 85

Ufunguo wa stoo ya karatasi ulikuwa unakaa kwa mhasibu msaidizi. Saa nne na nusu asubuhi namfuata mezani kwake, ananipa bila kuniangalia usoni, naingia chumba kisicho na dirisha, nakaa juu ya katoni la rimu na kukamua maziwa. Pampu ya mkono, kikombe chenye mfuniko, kanga begani endapo mtu atasukuma mlango. Dakika ishirini na tano. Siku nikikamua huku nawaza ripoti ya mwisho wa mwezi, yanatoka matone. Siku dada wa nyumbani akinitumia video ya mtoto anacheka, kikombe kinajaa. Nikimaliza nakitia kwenye hotipoti iliyojaa barafu, maana friji ya ofisini ilishaleta kesi: kuna mtu aliyaona yale maziwa akauliza kwa sauti ni ya nani na yanafanya nini karibu na chakula chake.

Nilirudi kazini mtoto wangu akiwa na miezi mitatu na siku nne. Nyumbani ni Kimara Temboni, ofisi iko Posta, hapa Dar es Salaam.

Kipindi hicho nilihudhuria semina moja ya wanawake wafanyakazi. Mwezeshaji, dada mchangamfu sana, alituambia siri ya kumudu kazi na familia ni kuamka saa kumi alfajiri. Tulitazamana. Nusu ya waliokuwa mle ndani walikuwa wameamka saa kumi alfajiri siku hiyohiyo, na ndiyo maana walikuwa wanasinzia. Tangu siku ile huwa nashuku kila ushauri unaoanza na ratiba. Ukikaa na kalamu ukapiga hesabu za mzazi wa mtoto mdogo mjini, unaona kwamba hata angekuwa na nidhamu ya askari, hesabu hazifungi. Zikifunga, kuna mtu mwingine anazifunga, na jina lake halimo kwenye karatasi yoyote. Nianze na karatasi zenyewe.

Fomu ya likizo na kadi ya kliniki

Tanzania Bara, likizo ya uzazi iko kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 33. (Zanzibar wana sheria yao, kwa hiyo ninayoyasema hapa ni ya Bara.) Mama anapata siku 84 zenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja. Jumapili zimo, Idi imo, Krismasi imo. Ni wiki 12.

Unatakiwa kumjulisha mwajiri angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya matarajio, ukiwa na cheti cha daktari, na unaweza kuanza likizo wakati wowote kuanzia wiki nne kabla ya tarehe hiyo. Hapo pana mtego mdogo. Kila siku unayopumzika na tumbo unaikata kwenye siku za kukaa na mtoto. Mwenye miguu iliyovimba akianza likizo wiki nne kabla, mtoto akaja tarehe ileile aliyotarajiwa, mama anabakiwa na siku 56. Ndiyo maana unawaona wanawake wa miezi tisa wamening'inia kwenye daladala za Gongo la Mboto mpaka wiki ya mwisho. Watu husema "huyu naye anapenda kazi". Anaweka akiba ya siku.

Sasa chukua kadi ya kliniki ya mtoto uilaze kando ya fomu ya likizo. Chanjo ziko wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha miezi 9, kisha miezi 18. Likizo iliyoanza siku ya kujifungua inaisha wiki ya 12, kwa hiyo chanjo ya wiki ya 14 inamkuta mama kazini. Ikiwa aliianza wiki nne kabla, hata ile ya wiki ya 10 inamkuta kazini. Na kliniki, kama ujuavyo, ni asubuhi ya siku ya kazi, na foleni yake haimjui mtu mwenye kikao saa tatu.

Halafu yapo maziwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, bila maji wala uji, na wauguzi wetu wa kliniki wanalirudia hilo mpaka unaliota usiku. Miezi 6 ni kama siku 180. Serikali ni moja, lakini ukiingia mlango wa afya unaambiwa 180, ukiingia mlango wa kazi unaambiwa 84. Siku 96 zilizobaki katikati umeachiwa wewe.

Wengi wetu tunaziziba kwa kuunganisha likizo ya mwaka, ambayo ni siku 28. Jumla inakuwa 112. Mimi nilianza siku 17 kabla ya kujifungua, zikabaki 95, na ndivyo mtoto alivyofika miezi mitatu na siku nne kabla sijarudi. Gharama yake unaigundua baadaye: mwaka mzima ulio mbele huna siku hata moja ya kupumzika, na mtoto ndiyo kwanza anaanza kuota meno.

Yapo yaliyorekebishwa. Mabadiliko ya sheria za kazi yaliyoanza kutumika 2025 yalimkumbuka mama wa mtoto njiti: muda wake wa likizo unaongezwa kufidia wiki zilizopungua kufikia 40 za ujauzito, na baba wa mtoto huyo akapewa siku 7 badala ya 3. Aliyewahi kukaa wodi ya watoto njiti akijua siku zake za likizo zinayeyuka huku mtoto hajatoka hata kwenye mashine, anajua lile lilikuwa jambo kubwa.

Saa mbili za kunyonyesha

Kifungu hichohicho kinasema mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi, kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Lisome tena hilo neno "usiozidi". Ni dari, na sakafu haikuwekwa. Mwajiri anayekupa dakika 40 anaweza kukuambia hajavunja kitu. Wala kifungu hakitaji ni mpaka mtoto afikishe umri gani, kwa hiyo kila ofisi ina mila yake: hii miezi sita, ile mwaka, ile nyingine mpaka bosi achoke.

Halafu kifungu kimeandikwa kana kwamba mtoto yuko nyumba ya pili. Kutoka Posta kwenda Kimara Temboni na kurudi, saa mbili zinaishia njiani, hata kwa mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza 2016 na kutupunguzia kweli mateso ya Morogoro Road. Kwa hiyo watu wanafanya jambo la busara: wanazikusanya zile saa mbili mwishoni mwa siku na kutoka saa tisa alasiri badala ya saa kumi na moja. Ni mpango mzuri, ila mara nyingi ni wa mdomo, na mpango wa mdomo unaishi kadiri aliyeutamka anavyoishi kwenye kiti.

Wangu ulikufa mwezi wa pili. Bosi alihamishwa, aliyekuja akaniuliza huku kutoka saa tisa kumeandikwa wapi. Nikamletea kifungu. Akakisoma taratibu, akasema sawa, sheria ni sheria, kanyonyeshe: uondoke saa saba, saa tisa uwe mezani, maana hapa pameandikwa ndani ya saa za kazi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anasoma Kiswahili kilichonyooka. Ndipo nilipoanza kumfuata mhasibu msaidizi kuomba ufunguo wa stoo.

Kwa hiyo, aliye na ujauzito sasa hivi: kabla hujaondoka likizo, andika barua ya ukurasa mmoja, taja utatoka saa ngapi na mpaka mtoto awe na umri gani, mwajiri aweke sahihi. Ni rahisi kuipata sahihi hiyo ukiwa na tumbo kuliko ukirudi.

Na kuhusu maziwa yaliyokamuliwa, mwongozo unaotumika kwa wingi ni kwamba yanakaa nje bila kuharibika kama saa nne hivi, mradi joto halizidi nyuzi 25. Dar es Salaam ya Januari nyuzi 25 huzipati kirahisi hata usiku wa manane. Ndiyo habari ya hotipoti. Nyumbani walimnywesha kwa kikombe, kama kliniki wanavyoelekeza, kwa sababu kikombe kinasafishika kirahisi kuliko chupa yenye chuchu. Siku ya kwanza alitema yote, akalia mpaka akalala. Siku ya nne akazoea. Ningejua, ningeanza kumzoesha wiki mbili kabla, nikiwa bado nyumbani.

Saa za kazi na saa za mlango

Sheria inamwekea mfanyakazi saa zisizozidi 45 za kawaida kwa wiki, 9 kwa siku. Kwenye karatasi ni nyingi lakini zinabebeka. Mtoto hana karatasi hiyo. Yeye anahesabu tangu mlango unapofungwa mpaka unapofunguliwa. Mlango wetu ulikuwa unafungwa saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, unafunguliwa saa moja usiku, na ikinyesha, saa mbili. Mtoto analala saa mbili na nusu. Ukitoa dakika za kuoga jasho la kutwa, nilikuwa mama wa saa moja na robo kwa siku. Sisemi hivyo ili nihurumiwe, nasema kwa sababu ukizungumzia suala hili Dar es Salaam bila kuzungumzia foleni, umezungumzia mji mwingine. Walioajiriwa karibu na wanapolala wana maisha tofauti kabisa na ya kwangu, na mshahara unaweza kuwa uleule.

Sasa mtoto aumwe. Hapa ndipo sheria inaponishangaza kuliko popote. Kifungu cha 34 kinampa mfanyakazi angalau siku 4 zenye malipo kwa ajili ya mtoto kuumwa au kufariki, ama kufiwa na mwenza, mzazi, babu, bibi, mjukuu au ndugu. Siku 4 katika mzunguko wa likizo, na mzunguko huo ni miezi 36. Yaani miaka mitatu. Siku zenyewe ni jumla: ukishazitumia kumzika mama yako, mtoto akilazwa na homa ya mapafu hazipo tena, na za ziada mwajiri akikubali zinakuwa bila malipo. Mtoto wa miaka miwili anayeenda dei kea anamaliza siku nne za mafua na kuharisha kabla mvua za vuli hazijaisha.

Ugonjwa wa mfanyakazi mwenyewe, kwa upande wake, una siku 126 katika mzunguko huohuo, 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu. Unaona kinachotokea. Mtoto anaumwa, mama anaugua. Tumbo, kichwa, mgongo. Najua waajiri wanaolalamika kwamba wanawake wenye watoto wadogo "wanaumwaumwa sana". Ni kweli wanaumwa, ila mgonjwa amebebwa mgongoni.

Wasio na fomu

Yote niliyoeleza yanamhusu mwenye mkataba, na wenye mikataba ni wachache. Mama lishe wa Buguruni hana wa kumjulisha miezi mitatu kabla. Anarudi kwenye jiko siku mtaji unapokaribia kwisha, na kama ana mkopo wa kikundi, marejesho ya Ijumaa hayajui arobaini. Mtoto anakuja naye. Analazwa kwenye boksi lililotandikwa kanga chini ya meza, mbali kidogo na moshi ila si mbali sana, ananyonya mteja anaposubiri chenji. Watu wa ofisini huwa tunamtazama kwa huruma. Mimi nikiwa stoo na ile pampu, nilimwonea wivu mara kadhaa. Yeye mtoto wake alikuwa naye.

Wivu huo haudumu mtoto akishaanza kutambaa. Anayetambaa hawezi kukaa kando ya sufuria la maharage linalochemka, wala pembeni ya barabara yenye bodaboda. Kuanzia hapo mama lishe na mimi tunakuwa kwenye hesabu moja: nani anabaki na mtoto?

Anayebaki

Kwanza anaitwa bibi. Mama yangu alikuja kutoka Moshi na ndizi za mtori, akaniuguza, akamkanda mtoto, akanifundisha mambo ambayo hakuna semina inayofundisha. Akakaa miezi miwili na nusu. Masika yakakaribia, akaanza kuulizia mvua za huko kila jioni. Ana shamba, ana ng'ombe wawili, ana kanisa na kikundi chake. Tuna mazoea ya kumhesabu bibi kama mtu asiye na kazi. Alipanda basi mwezi wa tatu.

Ipo dei kea. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka vituo vya kulelea watoto mchana visajiliwe, na ofisi ya ustawi wa jamii kwenye halmashauri yako inaweza kukuambia kipi kimesajiliwa. Vingi havijasajiliwa, vingine ni sebule ya mtu yenye godoro na televisheni. Usitishike na rangi za katuni ukutani. Nenda saa sita mchana bila taarifa, saa ambayo watoto wana njaa na walezi wamechoka, utazame mlezi mmoja ana watoto wangapi, choo kikoje, na geti linafungwa na nani. Ukizuiwa kuingia, umeshapata jibu. Cha karibu yetu nilikipenda, shida ilikuwa saa: kinafungwa saa kumi na moja na nusu. Kuna mama mmoja nilikuwa nakutana naye kituoni, kila siku anashuka kwenye gari anakimbia, anamkuta mwanawe ameketi kwenye ngazi na begi mgongoni, amekaa na mlinzi.

Serikali ina mpango unaogusa haya. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto ilizinduliwa Desemba 2021 kwa ajili ya watoto wa tangu kuzaliwa mpaka miaka 8, na vituo vya kijamii vya kulelea watoto ni sehemu ya kinachohimizwa. Darasa la awali nalo, kwenye shule za serikali, halina ada. Ila mtoto wa awali anatoka shule kabla ya adhuhuri. Kati ya saa hiyo na saa moja usiku kuna pengo lilelile, limehamishwa tu likavaa sare ya shule.

Kwa hiyo nyumba nyingi za mjini zinaishia kwa dada wa nyumbani.

Dada yetu anatoka Iramba, Singida. Alikuja ana miaka 21, mwezi mmoja kabla sijarudi kazini, na hilo la mwezi mmoja kabla nalipendekeza kwa kila mtu: mtoto na dada wajuane mama akiwepo. Mimi naondoka kabla hapajakucha, yeye ameshaamka saa kumi na moja ameweka maji jikoni. Nikirudi, mtoto ananililia mimi, lakini anayejua kwamba hakula vizuri mchana ni yeye. Vyombo vikiisha kuoshwa ni saa nne usiku.

Siku moja nilikuwa nabishana kazini kuhusu saa 45. Usiku, kwa ule ubishi uliokuwa bado kichwani, nikapiga hesabu ya dada. Saa kumi na moja alfajiri mpaka saa nne usiku ni saa 17. Akianza Jumatatu, saa zake 45 za wiki zinaisha Jumatano saa kumi jioni. Ondoa muda anaokaa mtoto akiwa amelala mchana, sogeza mpaka Alhamisi. Zinazobaki mpaka Jumapili ni zangu bure. Na sheria ile ya 2004 haikumwacha nje: inamhusu kama inavyonihusu mimi. Saa 45 ni zake pia. Siku 28 ni zake. Siku 84 ni zake. Sijawahi kusikia dada aliyepewa siku 84. Akishika mimba anapewa nauli.

Mshahara nao unasema mengi. Amri ya mishahara iliyotumika kuanzia Januari 2023 mpaka mwisho wa 2025 iliweka kima cha chini cha dada wa nyumba za kawaida kuwa shilingi 60,000 kwa mwezi akiwa analala kwa mwajiri, na 120,000 akiwa anakuja na kurudi kwake. Zile 60,000 za tofauti zilihesabiwa kuwa ni chakula na malazi. Wapo wanaolipa chini ya hapo na kumwita "kama mwanangu". Wapo wanaomchukua binti wa miaka 13, ambaye kisheria haruhusiwi kuajiriwa, mtoto akaachiwa kulea mtoto. Mlezi akiwa hivyo, mama anakaa ofisini na wasiwasi, anapiga simu mara tisa, halafu anasema ameshindwa kumudu kazi na familia. Wasiwasi mwingi wa mama wa ofisini ukiufuatilia unaishia kwenye masharti ya kazi ya mtu anayebaki nyumbani. Tulipompandishia dada mshahara, tukakubaliana Jumapili ni yake na simu yake awe nayo muda wote, nilipunguza kupiga simu. Huo ndio uwiano pekee niliowahi kuupata, na niliununua.

Na yeye ni mama. Alimwacha mwanawe kwa bibi yake kule Iramba akiwa na miaka miwili na nusu. Saa tatu usiku, akishamlaza wangu, anampigia wake.

Na baba je

Siku 3, zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Kenya, kwa Sheria ya Ajira ya 2007, baba ana wiki mbili zenye mshahara kamili na mama ana miezi mitatu, na Sheria yao ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea. Chumba cha kisheria na stoo ya karatasi vinatofautiana sana, hata kama ukubwa ni uleule.

Ila siku 3 zinafanya kitu kingine ambacho hakionekani haraka. Katika zile siku 84, mama anajifunza kila kitu na baba anarudi kazini hajajifunza. Miezi mitatu baadaye mama anajua dawa ya chango, anajua kilio cha njaa na cha usingizi, na baba anaambiwa "hebu lete, humwezi". Hata anayetaka anazuiwa. Mume wangu aliomba ruhusa ampeleke mtoto chanjo ya wiki ya 14, mkuu wake akamuuliza: "Mama yake yuko wapi?" Akajibu: "Yuko kazini, mzee, kama mimi." Akapewa ruhusa, na jina la utani. Kule kliniki akina mama walimpisha foleni, muuguzi akamsifu mbele ya watu. Mimi nimeenda kliniki mara ishirini, sijawahi kusifiwa.

Januari iliyopita dada aliniita jikoni. Mwanawe anaanza darasa la awali, bibi yake anaumwa miguu, hana wa kumpeleka kuandikishwa wala wa kumnunulia viatu. Aliomba wiki mbili. Nilitoa kalenda ukutani nikaanza kuhesabu, kwa mazoea. Alikuwa nasi miezi 34 na hajawahi kwenda likizo. Kwa siku 28 za kila mwaka, tulikuwa tunadaiwa siku 79. Aliomba 14, na aliomba kwa sauti ya chini.

Akasafiri. Mume wangu akachukua wiki ya kwanza, mimi ya pili. Siku yake ya pili, saa saba mchana, akanipigia ofisini. Nyuma yake nasikia kilio.

"Hivi huyu huwa analala saa ngapi mchana? Na analazwaje?"

Nikafikiri. Sikujua. Nikamwambia asubiri, nikampigia dada Singida.